Nani Anakuja Kutalii Belmopan

Bi Otilia kapata hati yake ya kiwanja! Miezi kumi na moja anaambiwa njoo wiki ijayo, na Jumatano hii kapewa ndani ya dakika nne, imegongwa mihuri mitatu, na kiti cha kukalia kaletewa. Video ninayo. Imetoka inacheza cheza kwa sababu nilikuwa nacheka, mnisamehe. Na yote hayo ni kazi ya mjomba wangu Eustace, ambaye siku ile hakuwa na habari na kiwanja cha mtu yeyote. Alikuwa anafanya mtihani.

Ngoja nianze vizuri.

Mjomba Eustace Tillett ni kaka yake mama. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye meza moja mlangoni mwa wizara moja hapa Belmopan, wizara siitaji, wenyewe wanajijua. Kazi yake ilikuwa daftari la mahudhurio. Unaingia, unaandika jina na saa, unapita. Ikifika saa mbili kamili anachukua rula na kalamu nyekundu anapiga mstari. Ukija saa mbili na dakika moja uko chini ya mstari, na hakuna cha mvua wala cha mtoto kuumwa. Mkurugenzi mmoja alikuwa anaacha gari katikati ya barabara injini ikiwa inaunguruma, anakimbia na viatu mkononi, anasaini, halafu ndiyo anarudi kuegesha. Watu walimchukia mjomba kwa adabu sana.

Akastaafu. Wakampa saa ya ukutani, kama vile ndiyo kitu alichokuwa amepungukiwa. Wiki ya kwanza akashinda barazani amevaa tai. Wiki ya pili akaleta daftari nyumbani. Sitanii. Aliliweka juu ya friji na kalamu imefungwa kwa uzi, tukawa tunasaini kuingia kunywa chai. Anti Ismay, mkewe, alivumilia mwezi mzima. Siku alipokuta jina lake liko chini ya mstari, kachelewa kwenye chai aliyoipika yeye mwenyewe, aliweka sufuria chini taratibu.

"Eustace, umestaafu kazi, hujastaafu ukorofi. Katafute pa kuupeleka."

Ndiyo mjomba akaamua kuwa kiongozi wa watalii.

Sasa kwetu huwezi kumwongoza mtalii hata kumvusha barabara bila leseni. Na leseni ina mtihani wa vitendo: kwa muda wa saa nane kamili unazungusha wageni wa kweli, wawili au zaidi, mtahini yuko nyuma yako anaandika. Ukipata sabini umepita. Unapewa nafasi tatu tu, baada ya hapo faili lako linafungwa. Mjomba alishazitumia mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye magofu ya wafalme wa kale, akawaambia wageni kwamba wale wafalme walianguka kwa sababu hakuna aliyejua nani kaja kazini na nani hajaja. Ya pili ilikuwa msituni. Kila ndege aliyepita, mjomba alisema, "Huyo ni ndege." Mgeni akauliza ndege gani. Mjomba akasema, "Wa kawaida."

Kwa hiyo ilibaki moja. Na kwa hiyo moja, mahali alipochagua mwenyewe kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu, ni Belmopan.

"Kila mtu anawapeleka baharini," alisema. "Mimi nitawaonyesha mji mkuu."

"Utawaonyesha nini?" Anti Ismay akauliza.

"Mji mkuu."

"Nimekusikia. Utawaonyesha nini?"

Mnielewe, mimi napapenda kwetu. Lakini huu mji uliwekwa hapa baada ya kimbunga kuzamisha jiji la zamani kule pwani. Serikali ikaogopa maji, ikachora ramani ya mji mkubwa katikati ya nchi, ikaita watu. Watu wakasema asante, nendeni tu, wakabaki pwani. Mpaka leo wafanyakazi wanakuja na basi asubuhi wanarudi na basi jioni. Na wageni wanaopita kwenda visiwani wanashuka kituoni dakika kumi, wanakojoa, wananunua kitu cha kutafuna, wanauliza hapa ni wapi. Ukiwaambia ni mji mkuu wanacheka, wanarudi kwenye basi.

Jumanne usiku Anti Ismay akanivuta jikoni. "Kadeisha, kesho mjomba wako akianguka, mimi nahamia kwa dada yangu Dangriga. Utabaki hapa unasaini peke yako." Na hakuwa anacheka. Halafu nikapita sebuleni nikamkuta mjomba anapiga tai pasi mara ya pili. Akaniuliza bila kunitazama, "Mtu akikuuliza mjomba wako anafanya kazi gani, unamjibuje?" Nikasema nawaambia umestaafu. Akasema, "Hiyo si kazi," akaendelea kupiga pasi. Nikajisikia vibaya kidogo, niseme ukweli.

Wageni niliwatafuta mimi. Nilitupia tangazo mtandaoni: Belmopan, siku nzima, bure, na chakula. Siku tatu kimya. Mtu mmoja akatuma vikaragosi vinne vinavyolia kwa kucheka. Siku ya nne wakajibu Harald na Tove, mume na mke kutoka Norwei, wazee wenye miguu mirefu. Harald alikuwa fundi bomba, kastaafu. Tove alikuwa anapikia watoto wa shule. Walikuwa wanasubiri basi la kwenda kusini, na neno bure waliliona.

Basi Jumatano saa tatu asubuhi tukakutana kituo cha mabasi. Mjomba na tai. Harald na Tove wamevaa vile vizibao vya rangi ya udongo vyenye mifuko kila mahali, mpaka mgongoni. Mimi na simu. Na mtahini, Bi Glenora Arzu, mama mnene mwenye miwani na kibao cha kubania karatasi, ametoka jiji la zamani na basi la alfajiri. Neno lake la kwanza halikuwa salamu.

"Basi la haraka la kurudi linaondoka saa kumi na nusu, Mzee Tillett."

"Habari za asubuhi, Bi Glenora. Ziara inaisha saa kumi na moja kamili."

"Tutaona."

"Kanuni ya sita inasema saa nane."

Bi Glenora akamtazama kama mtu aliyekanyaga maji na soksi.

Tukaanza. Mjomba akaonyesha kituo cha mabasi. Akaonyesha soko, ambalo liko ng'ambo ya kituo, akawanunulia maandazi yetu yale mapana na maharage. Akaonyesha benki. Akaonyesha benki nyingine. Tukapita uwanja wa uhuru, wenye nyasi, na ngazi za majengo ya serikali, ambayo yalijengwa kwa kuiga mahekalu ya wale wafalme wa kale, ila hayana kaburi ndani, na ukiingia saa za kazi huwezi kuwa na uhakika. Akaonyesha chemchemi isiyo na maji.

"Maji yalikauka lini?" Harald akauliza.

"Hayakuwahi kuja," mjomba akasema.

Tove akatazama mbele, akatazama nyuma. "Na baada ya hapa kuna nini?"

Mjomba akafikiri. "Baada ya hapa ni upande wake wa nyuma."

Nikaangalia simu. Saa nne na dakika tano. Tumemaliza mji mkuu wa nchi nzima, na zimebaki saa saba kasoro. Bi Glenora alikuwa anapiga miayo bila kuziba mdomo. Nikamwona akilini Anti Ismay anafunga sanduku.

Ndipo mjomba akanyoosha tai akasema, "Sasa nitawapeleka mahali nilipofanya kazi."

Picha ilikuwa hivi, na naomba muione kwa macho ya mlinzi wa pale mlangoni. Anakuja Mzee Tillett, mtu ambaye hajawahi kuleta habari njema kwenye jengo lile. Nyuma yake wazungu wawili wana vizibao vya mifuko. Mmoja, ambaye ni Harald, ameinua kichwa anapiga picha dari, kwa sababu fundi bomba akiona doa la maji hawezi kujizuia. Mwingine ana kidaftari. Nyuma yao mwanamke mwenye miwani na kibao anaandika, hasemi.

"Hawa ni watalii," mjomba akamwambia mlinzi. "Nawatembeza."

"Sawa, mzee," mlinzi akasema, akamkonyeza, akashika simu.

Kabla hatujafika kwenye lifti mbovu, tukasikia viti vinavutwa ghorofa ya juu. Viti vingi. Halafu simu zilizokuwa zinalia toka tumeingia zikaanza kupokelewa, zote, moja baada ya nyingine, na sauti tamu tamu. Mimi nimezaliwa mji huu, sijawahi kusikia simu ya ofisi inapokelewa.

Meza ya mjomba bado ipo. Juu yake waliweka mashine ya kusoma vidole iliyokufa wiki ileile ilipoletwa, na daftari pembeni, jeupe, halijaguswa toka mwezi wa pili. Mjomba alilitazama hilo daftari vile mtu anavyotazama mbwa wake aliyekonda kwa jirani. Akatoa kalamu mfukoni.

"Mzee Tillett, umestaafu wewe," dada mmoja akasema akipita na mafaili.

"Na wewe umefika saa ngapi leo, Shereth?"

Dada akaongeza mwendo. Ndiye Shereth wa dirisha la viwanja. Tukamfuata, kwa sababu mjomba alisema dirisha la viwanja ni kivutio cha pili. Hapo benchi lilikuwa limejaa, na mwisho wa benchi Bi Otilia na mwavuli wake. Tove ni mtu wa huruma. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, unasubiri nini?"

"Hati."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

Tove akafungua kidaftari chake akaandika. Anawaandikia wajukuu kila siku, ndiyo kazi ya kile kidaftari. Lakini Shereth hawajui wajukuu wa Tove. Shereth aliona kalamu inatembea. Akaingia ndani, tukasikia kabati linafunguliwa, mtu anasema "iko hapo hapo juu, sikuzote iko hapo juu," muhuri ukalia mara tatu, na Shereth akatoka na hati ameishika kwa mikono miwili kama anambariki mtu.

Bi Otilia akalisoma jina, akaisoma namba. Akamtazama Shereth. "Kumbe ilikuwa ndani."

"Ilikuwa kwenye mchakato, mama."

"Mchakato ni lile kabati?"

Benchi zima likasimama, likawazunguka Harald na Tove, kila mtu anataka kuandikwa.

Hapo ndipo akashuka Bwana Leslie, katibu mwenyewe, bado anaingiza mkono mmoja kwenye koti. "Karibuni, karibuni sana. Hatukupata barua."

"Bwana Leslie," mjomba akasema, "hawa ni watalii."

Bwana Leslie akacheka mpaka akashika ukuta. "Watalii. Belmopan. Mzee Tillett, sikujua una utani." Akamsogelea sikioni, lakini mimi nilikuwa hapo. "Niambie ukweli. Ni wafadhili wa benki au wale wa mradi wa maji?"

"Huyu ni fundi bomba amestaafu. Huyu alikuwa anapikia watoto shuleni."

"Naelewa," Bwana Leslie akasema, na kukonyeza. "Nani anakuja kutalii Belmopan?"

Halafu akamgeukia Harald kwa sauti ya mikutano. "Mheshimiwa, mmeonaje mpaka sasa?"

Harald akaonyesha dari. "Bomba la juu linavuja kwenye kiungo. Msipolifunga, hili litaanguka."

"Lini?"

"Sijui. Leo, kesho."

Bwana Leslie akaandika kwenye kiganja. Wale waliokuwa chini ya lile doa wakaanza kuhamisha meza kimya kimya, kila mmoja akimsogezea mwenzake.

Tukapandishwa chumba cha mikutano. Baridi la humo ndani, nilitamani blanketi. Juisi ikaja, wali na maharage ya tui ukaja, kuku wa mchuzi, ndizi za kukaanga. Wakafunga pazia wakawasha mashine ya picha: Mafanikio Yetu, kurasa sabini na nne.

Bi Glenora alimvuta mjomba korido, mimi nikajifanya natafuta mtandao.

"Mzee, sikia. Ukikaa kimya tu, hizi picha zitakula saa zako mpaka jioni. Mimi sitaandika chochote. Na pale ndani ndiyo mahali pekee penye baridi mji huu."

"Nimesema ukweli mara mbili, Bi Glenora."

"Basi inatosha."

"Hawakuuamini. Hiyo haihesabiki."

Akarudi ndani akasimama mbele ya picha ya kwanza, mwanga wote usoni, na tai inang'aa. Nikasema moyoni, leo tunarudi nyumbani saa sita na hakuna leseni.

"Mabibi na mabwana," mjomba akasema. "Hawa wageni hawajatumwa na mtu. Hawana fedha za mtu. Walishuka kwenye basi. Nawatembeza kwa sababu nafanya mtihani wa leseni, na huyu mama ndiye mtahini. Hiyo ndiyo habari yote."

Bwana Leslie akaanza kupiga makofi, na chumba kizima kikafuata. "Huo ndio unyenyekevu," akasema. "Hatutauliza zaidi. Tuendelee."

Basi mjomba afanye nini? Aliwaambia. Akavuta kiti akakaa kati ya Harald na Tove akaanza kuongoza zile picha, maana ndiyo mandhari iliyokuwepo. Inakuja picha ya zahanati, mjomba anawaambia, "Hiyo si ya kwetu. Kwetu hakuna theluji nyuma ya nyumba." Inakuja barabara ya lami, "Nilipita hapo Jumapili, ni njia ya ng'ombe." Inakuja darasa la watoto wanatabasamu, "Hao watoto ni wa kweli. Wa mbele ni mtoto wa Bwana Leslie, na wa nyuma yake, na yule wa pembeni." Harald alicheka mpaka akavua miwani. Wale wakubwa waliona mgeni anafurahi, wakaongeza kurasa zingine ishirini.

Tulitoka saa tisa. Jua linachoma kama deni la dukani. Mjomba akasema bado kuna barabara ya mzunguko, na tukaizunguka, kwa miguu, nzima. Tuliona mjusi mkubwa kwenye nyasi za bunge, amelala, na mjomba akasema yule angalau anakaa mjini. Ndege wa taifa letu, yule mwenye mdomo kama ndizi, ambaye watu wanalipa pesa kumwona, alitua kwenye mti mbele yetu, mita tatu.

"Huyo ni nani?" Tove akauliza, na kamera juu.

Mjomba akamtazama vizuri, kwa heshima. "Ndege," akasema.

Bi Glenora akaandika sifuri kubwa. Nililiona duara lake.

Saa kumi na robo tukawa kituo cha mabasi tena, miguu imevimba. Bi Glenora akatoa fomu akaiweka kwenye meza ya muuza juisi.

"Haya, tusaini, Mzee Tillett. Tuandike saa kumi na moja, kila mtu aende zake."

"Bado dakika arobaini na tano."

"Mzee. Unajua mimi ndiye ninayetoa alama?"

"Najua."

"Na unataka nikose basi."

"Sitaki ukose basi. Nataka saa nane."

Nilimfinya mgongoni, nikamfinya tena. Sikio lilikuwa la mti. Anti Ismay alikuwa amekuja kushuhudia, amekaa benchi la kituo na mkoba magotini, na sijui kama ule mkoba ulikuwa wa sokoni au wa Dangriga. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo ndiye niliyeolewa naye, mama. Mimi ninaye miaka arobaini. Wewe ni leo tu."

Sasa kitu cha ajabu. Siku zote saa kumi kasoro robo kile kituo kimejaa wafanyakazi wa serikali, ambao kazi yao inaisha saa kumi na moja. Ndiyo, nimeandika sawasawa. Lakini Jumatano hakuna mtu. Dereva wa basi la haraka alishuka akatazama kulia, kushoto.

"Leo sikukuu?" akamwuliza muuza juisi.

"Wafadhili wako mjini. Wizara zote zimepata habari. Hakuna anayethubutu kutoka."

Saa kumi na nusu dereva akapiga honi. Ndani ana kuku wawili na mwenye kuku. Bi Glenora akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Kwa nilivyojua mimi, akiondoka, mtihani umebatilika na nafasi ya tatu imekwenda nayo. Alikaa hivyo, mguu juu, mguu chini, anamtazama mjomba. Mjomba hakumsihi. Alisimama tu wima, shingo imemtoka jasho, ameshika tai.

Bi Glenora akashusha mguu.

"Nikiondoka bila kuona mwisho, nitaandikiwa nije tena kufanya upya," akasema. "Siku nyingine kama hii siiwezi. Nenda, dereva."

Tukakaa. Juisi za mwisho tukanywa. Dakika tano kabla, mjomba akawapanga Harald na Tove pale ukingoni, uso kwenye majengo ya serikali, akasema subirini.

Saa kumi na moja kamili milango yote ikafunguka kwa pamoja. Miaka yote huwa wanachuruzika mmoja mmoja toka mchana. Siku hiyo walifungiwa wote mpaka saa ya halali, na walitoka kama nyumbu wameona mto. Viatu vya visigino mkononi, mafaili juu ya kichwa, mkurugenzi anamruka karani, Shereth mbele kabisa, ana mbio yule dada. Ardhi ilikuwa inatetemeka, na mabasi yaliyobaki ni mawili.

Mjomba akanyoosha mkono. "Na huu ndio mji mkuu," akasema. "Unaondoka."

Harald na Tove wakapiga makofi. Kwa moyo wote, kwa kusimama. Na wale wafanyakazi, kuona wafadhili wanawapigia makofi, wakapunguza mbio. Wakarekebisha kola. Wengine wakapunga mkono, mmoja akainamisha kichwa. Halafu basi la kwanza likawasha injini wakarudi kurukiana kwenye mlango. Hiyo video nayo ninayo.

Bi Glenora hakutazama basi. Alikuwa na sehemu ya mwisho ya fomu, alama kumi, maoni ya wageni, na alisoma kwa sauti: "Je, ungemshauri rafiki yako aje kwenye ziara hii?"

Harald si mtu wa haraka. Alifikiri mpaka Anti Ismay akainuka kutoka kwenye benchi.

"Mji hauna kitu," Harald akasema.

Mjomba akaafiki kwa kichwa.

"Lakini nimetembea nchi kumi na tisa, na kila kiongozi ameniambia uongo kuanzia asubuhi. Huyu hajanidanganya hata mara moja, na nafasi alikuwa nayo. Ndiyo, ningemshauri."

"Mimi nitamleta dada yangu," Tove akasema. "Hapendi bahari."

Bi Glenora akajumlisha, akarudia kujumlisha, akavua miwani. "Sabini. Yule ndege nusura akuue, Mzee Tillett." Akasaini, akashika mkoba kukimbilia basi.

"Bi Glenora," mjomba akamwita. "Hujaandika dakika. Ni saa kumi na moja na kumi na mbili."

Akarudi. Akaandika dakika. Maneno aliyosema siyaandiki hapa kwa sababu mama anasoma hizi. Akapata nafasi ya kusimama tu, mlangoni, shavu limebanwa kwenye kioo mpaka pwani.

Anti Ismay alimsogelea mjomba akamtengeneza tai, ambayo haikuwa imeharibika. "Kesho unatoka saa ngapi?" akamwuliza.

"Saa mbili na nusu."

"Nitakufungia chakula," akasema, akageuka haraka.

Basi leseni iko ukutani, ina picha, mjomba kanuna humo kama kawaida. Kila asubuhi anakwenda kituoni na tai. Shida ni kwamba watalii hawajaja tena, na wanaokuja kila siku ni watu wa hapa hapa. Jana alikuja mwalimu mstaafu anayefuatilia pensheni, leo mtu mwenye shida ya mita ya maji. Wote wana swali moja: "Mzee Tillett, huna wazungu wawili utuazime, japo nusu saa?" Anawajibu kwamba yeye ni kiongozi wa watalii mwenye leseni. Wanasema ndiyo, tunajua, ndiyo maana tumekuja. Bwana Leslie naye ametuma barua kuuliza ripoti ya wafadhili itatoka lini.

Kwa hiyo nawaomba. Ukimjua mtu yeyote anayepita nchi yetu, akiwa na siku moja na miguu mizuri, mtumie hii. Mjomba yuko kituo cha mabasi, saa tatu kamili asubuhi. Isambaze tafadhali.